Mbwa Mkali wa Getini Anayeogopa Barabara

Kuna mbwa ambaye mtaa mzima unamjua kwa sauti. Bodaboda akileta mzigo huegesha mbali na kupiga simu. Mtoto aliyetumwa kuomba chumvi hurudi bila chumvi. Kisha siku moja mwenye mbwa, kwa ushauri wa daktari au kwa kuona mnyama amenenepa hadi mbavu hazishikiki, anaamua kwamba jioni watakuwa wanatoka pamoja. Anamfunga kamba, anafungua geti, na yule bingwa wa nyumba anakaa kitako. Akivutwa anajikita kwa miguu yote minne. Akivutwa zaidi anarudi kinyumenyume, anachomoa kichwa kwenye mkanda wa shingo na kukimbilia nyuma ya tangi la maji.

Majirani hucheka, na mwenye mbwa hufedheheka. Lakini ukali wa getini na woga wa barabarani ni kitu kimoja. Mbwa hubweka ili kinachomtia wasiwasi kiende zake, na kila mara kinakwenda. Mpita njia alikuwa anapita tu, ila mbwa hajui hilo. Kwa hesabu yake, amemfukuza yeye. Miaka miwili ya ushindi wa namna hiyo humfundisha mbinu moja, na mbinu hiyo haifanyi kazi bila geti katikati. Ukiliondoa geti umemnyang'anya silaha na kumsimamisha mbele ya maadui wake wote kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo usimwone mnafiki, wala usianze kwa kumvuta.

Woga huu ulikotoka

Mijini kwetu mbwa wengi huletwa nyumbani wakiwa na miezi miwili hivi, huwekwa bandani mchana na kufunguliwa usiku. Wapo wanaoamini kwamba mbwa asiyeona watu ndiye anayekuwa mlinzi mzuri. Atakuwa na kelele, hilo kweli. Tangu wiki ya 3 hadi karibu wiki ya 12 au 14 ya maisha yake, mtoto wa mbwa huipokea dunia kwa wepesi ambao hataupata tena: watu, sauti na vitu anavyokutana navyo wakati huo huviweka upande wa mambo ya kawaida. Baada ya hapo, kigeni huanza kuwa cha kutisha. Watafiti wa Marekani John Paul Scott na John L. Fuller, waliofuga mamia ya mbwa huko Bar Harbor katika jimbo la Maine, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 jinsi watoto wa mbwa waliokaa bila watu hadi wiki ya 14 walivyokuwa wagumu kupindukia kuwazoea watu baadaye. Banda lililozibwa kwa mabati pande zote hufanya karibu jambo lile lile, bila maabara.

Kama wako bado ni mchanga, wahi. Daktari wa mifugo atakuambia asikanyage nje hadi amalize chanjo za parvo na distempa, ambazo humalizika karibu na wiki ya 16, na ana haki: parvo huua, na virusi vyake hukaa kwenye udongo kwa miezi. Lakini hakuna aliyekukataza kumbeba. Mpakate, kaa naye kwenye kibaraza cha duka, aone bajaji, asikie muuza samaki akinadi, anuse viatu vya watu. Dakika 10 kila siku katika umri huo zina thamani kuliko mwezi mzima wa mafunzo atakapokuwa mkubwa.

Wengine wana sababu ya wazi. Alipigwa jiwe na watoto, aling'atwa na mbwa koko, tairi la lori lilipasuka karibu naye. Wengine ni waoga wa kuzaliwa, maana jike mwenye hofu mara nyingi huzaa watoto wenye hofu. Hutajua kila mara ni lipi, na kwa kazi iliyo mbele yako si lazima ujue.

Unalopaswa kujua ni kama anaumwa. Mbwa aliyekuwa akitoka vizuri kisha akagoma ghafla, mpeleke kwa daktari kabla ya kumwita mwoga. Kupe wa huku kwetu huleta magonjwa ya damu yanayomwacha mnyama na homa, mwili mzito na wakati mwingine viungo vinavyouma. Funza hujichimbia kati ya vidole vyake kama wanavyojichimbia kwenye vya binadamu. Kucha zilizozidi urefu humfanya akanyage vibaya kwenye saruji. Masikio yenye usaha hugeuza kila honi kuwa msumari. Na lami yenyewe huunguza. Weka mgongo wa kiganja chako barabarani saa nane mchana, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Ukishindwa kuhesabu hadi 7 bila kuutoa, na yeye hawezi kutembea hapo, na hana viatu.

Msome kabla hajafyata mkia

Mkia uliofyatwa, masikio yaliyolala nyuma, mwili unaogwaya: hizo kila mtu anaziona, na ukiziona umechelewa. Zilizotangulia ni ndogo. Anaramba midomo wakati hakuna chakula. Anapiga miayo asubuhi, baada ya kulala usiku mzima. Anageuza uso kukikwepa kitu huku jicho limebaki pale pale, weupe wake ukionekana pembeni. Anainua mguu mmoja wa mbele na kuuacha hewani. Manyoya yanapukutika hovyo mkononi mwako. Jua ni la wastani lakini anahema. Ukiwa na sakafu ya saruji getini, itazame: mbwa hutoka jasho kwenye nyayo, na mwenye hofu huacha alama za unyevu mahali alipokanyaga.

Kipimo kilicho rahisi kuliko vyote ni mdomo. Mbwa mwenye afya anayekula maini kwa pupa jikoni na kuyakataa getini anakuambia kwamba mahali hapo ni pagumu mno kwake leo. Asipokula, hajifunzi lolote zaidi ya kwamba mahali pale ni pabaya. Akila kwa kunyakua na kukuuma vidole, ujue yuko ukingoni. Rudi nyuma hatua kadhaa, hadi aanze kula kistaarabu. Kipimo hiki ndicho kitakachokuongoza katika kila hatua, kwa hiyo zawadi isisahauliwe nyumbani hata siku moja.

Ugali hautatosha. Huo ni mshahara wake wa kila siku, na hapa unamtaka afanye kazi ya hatari. Chemsha maini au firigisi za kuku bila chumvi wala kiungo, ukatekate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, uweke kwenye mfuko unaofunguka kwa mkono mmoja. Dagaa wakavu wanafaa pia wakishaoshwa chumvi na mchanga. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake, na mifupa iliyopikwa hupasuka vigae vinavyotoboa utumbo. Mfundishe kabla ya kula, si baada ya kushiba. Wala usimshindishe njaa ukidhani unaongeza bidii.

Vifaa

Mbwa mwenye hofu hurudi kinyumenyume. Mkanda wa shingo uliolegea unachomoka, uliobana unamkaba, na maumivu yanajiunga na hofu. Mnyororo wa kukaba shingo uuache dukani. Tafuta mkanda wa kifuani, ule unaopita mbele ya kifua na kuzunguka mbavu, uliokaa kwa namna ya kuruhusu vidole viwili kupita kati yake na ngozi. Huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya wanyama, na asiye na duka karibu anaweza kupeleka vipimo kwa fundi mabegi: utepe mpana wa begi la mgongoni na vibanio vyake vinatosha. Mvalishe ndani ya nyumba kwanza, siku kadhaa, kichwa kikipita kwenye mkanda kukifuata kipande cha ini. Asije akaujua mkanda kama kitu kinachoonekana pale tu mambo mabaya yanapokaribia.

Kamba iwe ya mita 2 kwa barabarani. Kwa uwanja wazi, mita 5 hadi 10 ni bora zaidi, nyepesi na isiyokwaruza. Kamba ya manila huchuna viganja mbwa akikurupuka. Zile za kujikunja zenyewe kwenye kifuko cha plastiki sizipendi kwa mbwa wa aina hii, maana kifuko kikikuponyoka kinamfukuza kwa nyuma huku kinagonga lami, na mbwa aliyefukuzwa na kamba yake mwenyewe ana hadithi ndefu ya kusahau. Wiki za mwanzo funga kamba mbili, moja kifuani na nyingine shingoni. Na shingoni pawe na kibati chenye namba yako ya simu, kwa sababu mbwa aliyetoroka kwa hofu hasimami kumsubiri mwenyewe.

Matembezi yanaanzia ndani ya ua

Siku za kwanza usifungue geti kabisa. Mvalishe, mfunge kamba, tembea naye uani: zunguka mwembe, pita nyuma ya jiko, rudi. Katika ua huo mfundishe mambo matatu. La kwanza ni jina lake: ukiliita, akageuka, anapata ini. Wengi wetu jina la mbwa tunalitumia kumfokea, na jina la kufokewa halimleti mbwa mwenye hofu. La pili ni "Tafuta!": unamwaga vipande kadhaa kwenye majani, naye anainamisha kichwa kunusa. Kunusa humtuliza mbwa, na humpa kazi ya kufanya wakati akili inataka kukimbia. La tatu ni "Turudi": unalitamka kwa furaha, unageuka mzima, mnaondoka pamoja upande wa pili. Mazoezi ya "Turudi" yafanye mara nyingi wakati hakuna lolote la kutisha, ili siku ya lori litoke mdomoni mwako bila kutetemeka.

Sasa geti. Kwa mbwa wengi komeo lenyewe ni tishio: chuma kikilia, kuna mtu. Vuta komeo, mpe ini. Lirudishe, hakuna ini. Fanya hivyo hadi sauti ya komeo imfanye akutazame wewe badala ya kubweka. Kisha lifungue kidogo, halafu zaidi, huku wewe na yeye mko ndani mmekaa mbali kiasi cha kumwezesha kula. Siku kadhaa zitaishia hapo hapo, mmekaa mnatazama barabara kupitia uwazi. Hayo ni matembezi tayari. Anayepima kwa kilomita atakata tamaa wiki ya kwanza. Wewe pima kwa pua na kwa mkia.

Hapa wengi hukosea kwa nia njema. Wanasimama nje ya geti wakimwonyesha kipande cha nyama: njoo, njoo, njoo. Mbwa ananyoosha shingo, nyuma amebaki amejikita ndani, anapiga hatua, ananyakua nyama, kisha anainua macho na kujikuta katikati ya yale yote aliyoyaogopa. Amedanganywa. Kesho atakuogopa wewe na nyama yako. Fanya kinyume. Akisogea kizingitini kwa hiari, hata kwa pua tu, rusha kipande nyuma yake, kuelekea nyumbani. Atarudi kukifuata, atapata nyama na nafuu ya kuondoka penye wasiwasi kwa wakati mmoja, halafu wengi wao hugeuka na kurudi kizingitini wenyewe. Mara hii wanakwenda mbele kidogo. Rusha tena nyuma. Uamuzi wa kusogea unabaki kuwa wake, na mbwa anayejua kwamba njia ya kurudi iko wazi hapati sababu ya kuikimbilia.

Atakapotoka, msiende mbali. Hadi nguzo ya kwanza ya umeme, na mrudi kabla hajaomba kurudi. Mwache anuse nguzo hiyo dakika 5 akitaka. Kamba iwe imelegea, imetengeneza mkunjo chini ya kidevu chake. Ikikaza, simama, usivute, subiri au sema "Turudi". Chagua saa ambayo mtaa umepoa: saa kumi na mbili asubuhi, au Jumapili kabla mabasi hayajachanganya. Kama barabara ya mbele ya nyumba ni kelele tupu na una gari, mpeleke mahali penye nafasi. Nairobi wapo wanaokwenda Msitu wa Karura, ambako mbwa huruhusiwa akiwa amefungwa kamba. Pwani, ufukwe wakati maji yamekupwa hukupa uwanja mpana usio na injini hata moja. Baadhi ya mbwa hugundulika huko kwamba hawakuwa wakiogopa kutembea hata kidogo. Walikuwa wakiogopa zile mita 20 za mbele ya geti.

Mbwa mwenzake mtulivu ni msaada mkubwa, ukimpata wa jirani anayetembea bila papara. Mtulivu, nasema. Ukimchukua mwoga mwenzake utakuwa na wawili wa kuwatoa nyuma ya tangi.

Bodaboda, watoto, mbwa koko

Kitu kinachomtisha zaidi kifanyie kazi peke yake. Tuseme ni bodaboda. Tafuta umbali ambao anaiona, masikio yanasimama, lakini bado anakula. Inaweza kuwa mita 50. Bodaboda inatokea, ini linatokea. Bodaboda imepotea, ini limekoma. Mpangilio huo usiugeuze: ukitoa ini kwanza na pikipiki ifuate, baada ya siku chache ini lenyewe litakuwa ishara ya hatari na atalikataa. Ni kanuni ile ile Mrusi Ivan Pavlov aliyoionyesha kwa mate ya mbwa wake zaidi ya miaka 100 iliyopita: kinachotangulia ndicho kinachobeba habari ya kinachofuata. Siku utakapoona bodaboda imetokea na mbwa amekugeukia wewe kwa macho ya "liko wapi?", punguza umbali hatua chache. Chache tu.

Ukiweza, ongea na kijana wa kijiweni unayemfahamu, mpatane malipo ya nusu saa. Pikipiki imezimwa, mbwa anainusa. Imewashwa, mbwa yuko mbali. Inasogea polepole ikiwaacha, haiwajii. Fedha hiyo haitapotea bure, na kijana mwenyewe atapata rafiki kwenye nyumba aliyokuwa akiegesha mbali nayo.

Watoto ni wagumu zaidi, kwa sababu hawana umbali. Wanapiga kelele, wanakimbia, mmoja anaokota jiwe, mwingine anataka kumshika. Zungumza nao mapema, bila mbwa. Mwenye sauti kubwa kuliko wote mpe cheo: kazi yake ni kuwaambia wenzake wasimame kimya mnapopita. Asiguswe kichwani na mtu yeyote, hata anayesema mbwa wote wanampenda. Ukimwona mgeni anakuja ameinama na mkono umenyooshwa, mwambie wazi, "Samahani, huyu yuko mafunzoni," na uondoke.

Mbwa koko wakikusogelea, usikimbie. Kila mtu wa huku anajua kwamba ukiinama kana kwamba unaokota jiwe watatawanyika. Ni kweli, wanatawanyika. Ila ishara hiyo wako pia anaijua, na akiiona kwako, kazi ya mwezi imeharibika. Simama mbele yake, rusha gao la chakula usoni mwa wale wanaokuja, na wakati wameinama kutafuta, sema "Turudi".

Kuna suala jingine ambalo mwenye mbwa wa Tanga, Mombasa au Zanzibar hahitaji kufafanuliwa. Waislamu wengi wa pwani ni wa madhehebu ya Shafi, ambayo kwayo mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Anayekwenda msikitini alfajiri ameshatia udhu na amevaa kanzu safi. Mpishe. Vuka upande wa pili mapema, fupisha kamba, msalimie kwa mbali. Heshima hiyo inagharimu hatua kumi, na hizo hatua kumi ndizo mbwa wako alizokuwa akizihitaji: naye hapendi kukutana na mtu uso kwa uso kwenye uchochoro.

Usilazimishe, na usiogope kumbembeleza

Utaambiwa umburute tu, atazoea. Utaonyeshwa mbwa wa fulani aliyeburutwa wiki moja na sasa anatembea kimya. Mwangalie vizuri mbwa huyo. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walichapisha majaribio ambayo leo yanasomeka kwa uchungu: mbwa waliopigwa shoti za umeme ambazo hawakuweza kuzizuia walipowekwa baadaye mahali penye njia ya kukwepa, wengi wao hawakujaribu hata kuitafuta. Walilala na kupokea. Ukimya wa mbwa aliyeburutwa unaweza kuwa wa namna hiyo. Hofu iko pale pale, ila ameacha kukuambia, na mbwa aliyeacha kukuambia ndiye anayeuma siku moja "bila sababu".

Upande wa pili kuna wanaokuonya usimbembeleze, eti utaituza hofu. Hofu si kukaa wala kutoa mguu. Haifanywi kwa ajili ya malipo. Mbwa akikujia kwa kutetemeka, chutama ubavuni mwake, mpapase kifuani kama anapenda kupapaswa, zungumza naye kwa sauti ya chini. Utaharibu ukianza wewe mwenyewe kupiga kelele za huruma na kumzungukazunguka, kwa sababu hapo anaona hata mkubwa wake amechanganyikiwa.

Hofu pia hujilimbikiza. Asubuhi amevumilia gari la taka, mchana mafundi wamechoma chuma kwa jirani, jioni kipande cha mfuko kikipeperuka kinatosha kumrusha. Usishangae mfuko. Siku kama hiyo msitoke. Mpe "Tafuta" uani na mfupa mbichi wa kuguguna, kesho yake vivyo hivyo ikibidi. Mbwa hahitaji kutembea kila siku ili apone. Anahitaji kutotishwa siku nyingi mfululizo.

Kuhusu nani atoke naye, nina msimamo. Katika nyumba nyingi kazi ya mbwa huachiwa mlinzi au kijana wa kazi, ambaye hakuombwa ushauri na haongezewi kitu. Kama ni yeye, mfundishe yote haya, mnunulie maini ya kutosha, mwongeze mshahara. Kama ni wewe, iwe wewe. Asubuhi mvumilivu na jioni mburutaji hawawezi kumfundisha mbwa mmoja.

Pale maini yasipotosha

Wapo ambao hawali popote nje ya chumba, wanaojikojolea geti likiguswa, wanaojificha siku nzima baada ya dakika mbili za barabarani. Hao wanahitaji daktari wa mifugo anayeelewa tabia. Zipo dawa, fluoxetine na trazodone zikiwa miongoni mwa zinazotumika, ambazo kwa kipimo cha daktari hushusha hofu kiasi cha kuruhusu mafunzo kuingia. Baadhi ya dawa za kulegeza mwili, kama acepromazine ikitumika peke yake, humwacha amelegea huku hofu imebaki, kwa hiyo uliza unapewa nini na kwa nini. Kabati lako la dawa lisiguswe: panadoli inaweza kumharibu ini na damu, diklofenaki na ibuprofeni humharibu tumbo na figo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai kabla ya kukanyaga barabara, na kadi uwe nayo. Mbwa mwenye hofu anaweza kuuma. Kama wako ameshaonyesha meno, mzoeshe kivalio cha mdomo cha muundo wa kikapu, kinachomruhusu kuhema na kupokea ini. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali, bila kujadiliana kwanza nani mwenye makosa.

Muda ni wiki kwa wengine, miezi kwa walio wengi. Wapo watakaotembea hadi sokoni. Wapo ambao kilele chao ni kichochoro cha nyuma ya nyumba saa kumi na mbili asubuhi, na mbwa huyo akikitembea huku anafurahi kunusa, ameridhika na wewe uridhike. Mwingine anaweza asitake kutoka kabisa. Mpe michezo ya kunusa uani, mfichie chakula chini ya majani makavu na ndani ya maboksi, na mwache.

Kurudi nyuma kutatokea. Masika ya wiki nne bila kutoka, kuhama nyumba, mgomvi mmoja wa mtaani, na unaanza tena kwenye komeo. Safari hii mtapanda haraka zaidi. Mkesha wa mwaka mpya ndio mbaya kuliko yote. Tarehe 31 Desemba mtoe mchana, mapema. Jua likizama mfungie chumba cha ndani, mapazia yameshushwa, redio imewashwa, mkanda wenye namba ya simu ukiwa shingoni, na mwambie kila mgeni atakayekuja usiku huo kwamba geti dogo lisiachwe wazi hata dakika moja. Fataki zikianza, kaa naye. Januari 1 msitoke, hata kama barabara imetulia.